Mpinzani Niliyemtafuta Mwenyewe

Heshima yako, Bi Odette,

Unisamehe kwa urefu wa barua hii, nimejaribu kuifupisha nikaona kila ninapofupisha ndipo ninapojipendelea. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu hapa chuoni, nasoma safu yako ya ushauri gazetini tangu ile habari ya binti aliyeposwa katikati ya mechi ya magongo ya barafuni akakataa mbele ya uwanja mzima, na sikuwahi kufikiri kwamba nami nitakuandikia, kwa kuwa kwa kawaida mimi ndiye watu wanayemwomba ushauri.

Mwezi wa pili nilijitosa kugombea Umakamu wa Rais wa Umoja wa Wanafunzi, upande wa ustawi, nikiwa na mpango kazi wenye nguzo kumi na moja, kaulimbiu isemayo “Uongozi Unaoonekana”, na suti ambayo mama alininunulia mjini Regina akisema itanifaa hata nikija kuwa mbunge, na wakati huo alikuwa ameshawatangazia akina mama wote wa kanisani kwao, mji wa Moose Jaw. Ilipobaki siku moja milango ya kujiandikisha ifungwe nikagundua niko peke yangu. Ungedhani nilifurahi, lakini Bi Odette unajua sheria zetu, mgombea akiwa peke yake kura inakuwa ya Ndiyo au Hapana, na mwaka jana kuna dada mmoja aligombea peke yake akashindwa na Hapana, na mpaka leo akipita kantini watu wanamwita Bibi Hapana. Kushindwa na mtu naweza kuvumilia, mtu ana ndugu, ana marafiki, ana mbinu. Sasa kushindwa na neno utamweleza nini mama yako?

Basi nikamwendea Orest. Huyu ndiye ninayepanga naye nyumba, mtoto wa wafugaji wa upande wa Yorkton, anasomea mambo ya udongo, mkubwa wa mwili na mpole, mtu ambaye ukimwambia basi limemwacha anasema litakuja jingine. Alikuwa amesimama jikoni anakula nafaka za asubuhi moja kwa moja kutoka kwenye boksi.

“Orest, kaka, nataka ugombee dhidi yangu.”

“Kwani nimekukosea nini?”

“Hujanikosea. Ni ya kuonekana tu. Watu wakiona kuna ushindani, Hapana inatoka kwenye karatasi ya kura. Halafu wiki ya uchaguzi, karatasi zikiwa zimeshachapwa, unajitoa, unatangaza kwamba unaniunga mkono.”

“Kwa hiyo kazi yangu ni kushindwa.”

“Kujitoa. Kujitoa na kushindwa ni vitu viwili.”

Akatafuna, akafikiri. “Sawa bwana. Nitahitaji suti?”

Nikamwambia suti hapana, tena nikajitolea kumtengenezea bango mwenyewe, na hapa nakiri sikumtengenezea la kumpendeza mtu. Nilichukua picha yake akiwa amelala juu ya trekta mdomo wazi, kofia ya sufu imemshuka puani, nikaandika chini yake: OREST. KWANI KUNA UBAYA? Na kwa kuwa wiki ile alikuwa amekwenda kwao, ng'ombe wao walikuwa wanazaa na baba yake mgongo unamsumbua, nikayabandika mabango mimi mwenyewe, machache kwenye mbao za matangazo, na mengine nikayaweka kwenye vioo vya milango ya maktaba ambako sheria za uchaguzi zinakataza, na nakuapia wakati ule sikuwa na nia mbaya, nilikuwa nimechoka tu na kule kwingine kulikuwa mbali na nje kulikuwa na baridi ya kukata masikio.

Aliporudi akakuta ameshakuwa maarufu. Watu walikuwa wanapiga picha pembeni ya bango wamefungua midomo. Wanafunzi wa uhandisi waliandika KWANI KUNA UBAYA? kwenye theluji kwa rangi ya chakula. Bango langu, nililomlipia mpiga picha wa kweli, mtu aliliongezea masharubu.

Nikajipa moyo kwamba kwenye mdahalo atajianika mwenyewe. Mdahalo ulifanyika kantini saa ya chakula cha mchana, watu wanatafuna, sisi tuko jukwaani, na mwanafunzi mmoja wa uuguzi akasimama akauliza tutafanya nini kuhusu bweni lao, maana kipasha joto cha chumba chake kimekufa na ofisi ya makazi inamwambia kila siku aje kesho. Nikajibu mimi kwanza. Nilizungumzia nguzo ya nne, nikazungumzia mfumo shirikishi, kamati ya wadau na utafiti wa awali, nikamaliza wakanipigia makofi wale wawili niliowaleta.

Orest akashika kipaza sauti kama ameshika nyoka. “Mimi sijui,” akasema. Watu wakacheka. “Kweli sijui. Dada, hicho chumba kimekuwa hivyo tangu lini?”

“Tangu kabla ya Krismasi.”

“Unalalaje?”

“Na koti.”

Akaweka kipaza sauti mezani. “Twende tukaone.”

Akashuka jukwaani, Bi Odette, katikati ya mdahalo, akaondoka naye, na nusu ya ukumbi wakanyanyuka wakamfuata wengine na sahani zao mkononi, nikabaki mimi na mwenyekiti wa mdahalo na nguzo saba ambazo nilikuwa sijazifikia. Nilisikia baadaye walikwenda wote ofisi ya makazi, Orest akakaa kwenye kiti cha wageni akasema hana haraka, na kabla ya jioni fundi alikuwa ameshafika bwenini.

Siku ile alirudi nyumbani akavua viatu, akakaa.

“Nilikuahidi nitajitoa,” akasema. “Na ukisema nijitoe, kesho najitoa, sina kinyongo. Ila nisikufiche. Yule binti alikuwa analala na koti, kaka. Hii kazi naitaka.”

Sasa Bi Odette, pale ningeweza kusema neno moja yakaisha. Lakini nilimwona ananitazama, nikajiona na mimi nilivyo, kiongozi, mtu wa watu, nikasikia mdomo wangu unasema, “Gombea, kaka! Demokrasia ndiyo hii!” Tukakumbatiana. Kesho yake asubuhi nikaenda kwa Priscilla.

Priscilla ni Msimamizi wa Uchaguzi, anasoma sheria, anatembea na rula ya kupimia mabango, na mwaka huu alimkaripia mgombea mmoja kwa kutumia gundi ya rangi isiyoruhusiwa. Nikamwambia kwa masikitiko, kama raia mwema, kwamba nimeona mabango ya Orest kwenye vioo vya maktaba. Hakuuliza nani aliyabandika. Akavaa koti, akaenda, akapima, na saa ya chakula ilipofika Orest alikuwa ameshafutwa kwenye orodha ya wagombea.

Nilidhani atanishuku, kwa maana alijua fika kwamba niliyebandika ni mimi. Unajua alifanya nini? Alinifariji! “Usijilaumu, kaka, hata wewe hukujua hiyo sheria,” akaniambia, na mkono wake uko begani kwangu. “Sijui ni nani aliyenisemea, labda ana shida zake.” Na kwa kuwa sasa nilikuwa peke yangu, Hapana ikarudi kwenye karatasi, na watu walikuwa na hasira, walitaka kuipigia Hapana kwa wingi, ndipo Orest akazunguka darasa kwa darasa, bweni kwa bweni, akiwaomba wanichague. “Ni mtu mzuri,” aliwaambia, “naishi naye mimi.” Nilishinda kwa tofauti ya watu wanaotosha kujaza lifti moja.

Tangu hapo ananiita Mheshimiwa. Mama yake ameniletea supu ya viazi vyekundu. Jana Orest alipika perogi, chakula cha kwao cha unga uliojazwa viazi, akamwalika hadi yule binti wa uuguzi, akainua glasi akasema Umoja uko kwenye mikono salama, na akaniomba kama naweza kumpa kazi yoyote ndogo ya kujitolea ofisini, hata kujibu simu. Nikainua glasi na mimi.

Naapishwa mwezi wa tano. Je, nimwambie, au ninyamaze kwanza nifanye mazuri mwaka mzima halafu nimwambie nikiwa na kitu cha kuonyesha? Nimefikiria pia kumteua Msaidizi Maalumu, cheo ambacho hakipo lakini naweza kukianzisha, na nadhani hiyo itakuwa haki tupu. Naomba unijibu gazetini, ili viongozi wengine vijana nao wajifunze.

Ni mimi, niliyeshinda lakini usingizi sina.

*

Mheshimiwa,

Umeficha jina lako vizuri sana, ukaacha jina la mwenzako wazi kutoka mwanzo hadi mwisho. Nimembadilishia mimi, Orest si jina lake, na Priscilla si lake. Nakuambia hilo kwanza kwa sababu linaeleza barua yako yote kuliko ulivyoieleza wewe.

Nakuonea huruma, na sikutanii. Hofu ya kuaibika mbele ya mama si hofu ndogo, na una umri ambao mtu anadhani akishindwa siku moja atabaki ameshindwa maisha. Tena uliandika mambo ambayo ungeweza kuyaficha: ulipokiri kwamba ungeweza kusema neno moja yakaisha, hapo nilikuona mtu. Huruma yangu inaishia hapo, sasa kaa vizuri.

Orest alikuja kwako na uchaguzi mzima kiganjani akakupa. Ulikuwa huna haja ya hila. “Jitoe, tafadhali, naogopa” yangetosha, na angejitoa, na leo ungekuwa na cheo, una rafiki, na usingizi unao. Lakini hukutaka cheo tu. Ulitaka na sifa ya kuwa mtu asiyejali cheo. Ulitaka kumkumbatia jioni, asubuhi umchongee. Mwanangu, mtu mwenye tamaa namwelewa, mwoga namwelewa, lakini wewe ulitaka kupigiwa makofi kwa kila kimoja.

Na hizi hesabu zako za mwaka mzima wa mazuri, zitupe. Utafanya mazuri gani ukiwa umemkalisha mtu uliyemwibia pale nje ya ofisi yako, anakujibia simu bure? Hicho cheo cha Msaidizi Maalumu usikianzishe. Unataka kumlipa mwenzako kwa mali yake mwenyewe, halafu unaita haki tupu. Nilicheka, nikasoma tena, sikucheka.

Utamwambia. Utamwambia wiki hii, mkiwa wawili, na si mezani anapokulisha. Umwambie mambo matatu kwa lugha ya kawaida: mabango ya vioo uliyabandika ukiijua sheria, kwa Priscilla ulikwenda wewe, na alipozunguka kukuombea kura ulijua na ukanyamaza. Usitie neno “ila”. Usizungumzie mama, wala baridi ya nje. Na nakuonya, usilie, kwa sababu ukilia yule kijana atakufariji, na safari hii hana deni hilo. Akikuuliza kitu, jibu. Asipouliza, funga mdomo.

Kisha nenda kwa msimamizi, umweleze vilevile, na ujiuzulu kabla hujaapishwa. Nimeuliza sheria zenu: kiti kikiwa wazi, uchaguzi mdogo unafanyika mwezi wa tisa, na aliyefutwa kwa mabango anaruhusiwa kugombea upya. Wewe usigombee. Usimfanyie kampeni pia. Msaada wako ameshaupata wa kumtosha. Suti irudishe kabatini, siku yake ikifika utaivaa. Mama mpigie simu mwenyewe, asije akasikia kwa wenzake wa kanisani. Atapiga kelele, kisha atakuuliza kama unakula.

Umeomba nijibu gazetini, na gazetini nitajibu. Lakini hapa chuoni mwaka huu amefutwa mgombea mmoja tu, na hakuna mwingine aliyeacha mdahalo akaenda kuangalia kipasha joto. Majina niliyobadilisha hayatamdanganya mtu hata kwa muda wa kumaliza kahawa. Kwa hiyo nakutumia jibu hili leo Jumatatu kwa barua pepe. Gazeti linatoka Alhamisi. Asisome mambo haya kwangu kabla hajayasikia kwako.

Odette

*

Jumatano mchana, gazeti likiwa linakwenda mtamboni, nimepata ujumbe huu kutoka kwa mwandishi wa barua:

“Nimemwambia yote matatu. Nimetoka kwa Priscilla pia, nimejiuzulu. Orest alinisikiliza mpaka mwisho, akaingia chumbani kwake akafunga mlango. Hajaupiga kwa hasira, ameufunga polepole. Nimekaa hapa jikoni. Nifanye nini sasa?”

Sasa subiri. Na usigonge.