Filimbi ya Saa Kumi na Mbili

Jumanne jioni. Joto la Juba limegoma kuondoka, hata upepo umekataa kazi.

Inatangazwa kwa wananchi wote wa mtaa wa Hai Cinema, kwa masikitiko makubwa, kwamba goti la kulia la mwandishi wenu limechubuka. Limepakwa dawa. Lenyewe halijatoa taarifa yoyote.

Mtaani wanasema nimegomea msafara wa wakubwa. Mama Poni muuza chai amenimiminia kikombe cha bure: "Mzee, leo umewaonyesha!" Nikanywa. Sikumsahihisha.

Wewe, shajara, siwezi kukudanganya.

Nilikuwa natoka soko la Konyo Konyo na Nyandeng, binti wa dada yangu, aliyekuja likizo kutoka chuo Nairobi. Tuko katikati ya barabara kuu, filimbi ikalia. Saa kumi na mbili jioni.

Nikaganda.

Nimekulia ukimbizini Kenya, mjini Nakuru, jirani na kituo cha polisi. Kule, filimbi ya saa hiyo ni bendera inashushwa, na kila mpita njia anasimama wima mpaka ilie ya pili. Miguu yangu haikuwahi kuuliza kwa nini. Nimeihamishia nchi nyingine, bado inatii serikali ya kule.

Hapa filimbi ile ilimaanisha tokeni barabarani, msafara unapita. Wenzangu wote walishakimbilia pembeni. Nikabaki peke yangu juu ya lami, mikono ubavuni, mfuko wa bamia ukining'inia. Mwasi kuliko wote Juba.

"Ita ma gi asma?" askari akafoka, bunduki ikinielekea. Wewe husikii? Nasikia, ndiyo shida yenyewe.

Nyandeng akarudi kunivuta. "Pole afande, ni anko wangu, hajaelewa." Angeishia hapo. Lakini ni Nyandeng. "Kwani anapita nani? Barabara si yetu sote?"

Bunduki ikaniacha mimi, ikamgeukia yeye.

Nikajitupa chini, nikamvuta kwa nguvu. "Piga magoti! Nyamaza!" Magari yakapita, vioo vyeusi. Mpaka sasa sijui nani alikuwa ndani.

Tulipofika mbali akauliza, "Anko, yule umemtii kwa nini?"

"Ni sheria, mama."

"Imeandikwa wapi?"

Nikaanza hotuba. Kwamba serikali hii ni yetu, kwamba nilipanga foleni kupiga kura ya uhuru, machozi yakinitoka.

"Hiyo ilikuwa ya kupata nchi," akasema. "Ya kuchagua nani atuongoze, tangu uhuru ulipiga lini?"

Nikaharakisha hatua mpaka mlangoni kwetu.

Ile kura naipenda bado, na ningependa kuitii nchi yangu kwa sababu imeniuliza nami nikakubali. Leo haikuwa hivyo. Kwanza nilitii mazoea, kisha nikatii bunduki. Hakuna nilichokigomea, hakuna nilichokiheshimu. Niliogopa tu, nikamfundisha mtoto wa dada yangu kuogopa.

Na muda wote tuliokuwa pale vumbini, Nyandeng hakumtazama askari. Alinitazama mimi.