Mchi na Silabi ya Mwisho

Jumatatu, 3 Machi
Sombe tena. Mtoto amelala, mama mkwe anachambua maharagwe, mimi na kinu changu na majani ya muhogo. Ijumaa kuna jaribio la kusoma habari kwa Kifaransa, redio ya mtaani. Kazi hii naitaka kuliko kitu chochote. Mwalimu wa sauti, bwana mpole wa mtaa wa Makomeno, amenisikiliza leo. Kumbe gavana ninamwita gou-VER-neur! Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, Kifaransa kinakaza ya mwisho. Gou-ver-NEUR. Miaka yote ya shule, hakuna aliyenieleza.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata dawa: kutwanga kwa silabi. Pigo jepesi, jepesi, halafu zito: mi-nis-TÈRE. Konsonanti iliyo kati ya vokali mbili inaifuata ile ya pili: ca-ma-RADE. Sombe imelainika kuliko siku zote. La ajabu zaidi: neno gouverneur likiongezewa provincial, yaani wa jimbo, NEUR inanyamaza, uzito wote unakimbilia CIAL. Nani aliamua hivyo? Nataka sana kujua.

Jumatano, 5 Machi
Jirani, Maman Mado, kachungulia juu ya ukuta: "Kwenu kuko bitumba?" Eti kwetu kuna vita! Nikacheka. Mama mkwe hakucheka. Sombe hakuigusa.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa. Mama mkwe kafunga mzigo, anarudi kwake, mtaa wa Kasungami.

Hapa kwetu kila mtu anajua: mke akitwanga kwa kishindo, anamsema mama mkwe bila kufungua mdomo. Najua hata mimi, nimelelewa humo humo. Kichwa kilijaa silabi, nikasahau. Akienda, nani abaki na mtoto? Kazi kwaheri. Tena nampenda yule mama. Aibu tupu.

Nikapiga magoti. Nikaeleza. Nikatwanga mbele yake: pro-vin-CIAL. Akanitazama kama anayetazama mgonjwa.

"Weye, mwana, juu ya nini haukuniambia? Miye nilizani umenichoka."

Akataka nirudie. Akajaribu mwenyewe, kiganja juu ya goti. Anakaza vizuri kunishinda, nikaona wivu. Lakini mzigo bado uko mlangoni.

Jumapili, 9 Machi
Ijumaa nilisoma. Neno moja nikalivuruga, basi. Leo baada ya misa wakapiga simu. Wamenichukua.

Nilimwambia mama mkwe jikoni, mzigo wake ungali mlangoni, nikiogopa jibu. Aliingia chumbani, akatoka na mtoto mgongoni, anakaza kitenge.

"Kazi inaanza saa ngapi? Weye lala tu, nitakulamusha asubuhi."