Wavu Kwenye Njia ya Maji

Mume wangu usiye na haya,

Mwaka mzima hujakanyaga hapa, umeota mizizi huko? Jirani ananiandikia barua hii, nimemkanya asipunguze neno.

Kuku mweupe ameatamia. Mama yako hajambo, ila bado hashuki kitandani bila kushikwa. Bwawa lako la starehe limejaa pomoni. Ule wavu wa chuma ulioziba njia ya maji ya ziada, ati samaki wasitoroke, hunasa majani kila mvua inaponyesha, na maji yakikosa pa kutokea yanapanda tuta. Jana yalibakiza shibiri moja. Nikaingia mpaka kifuani, na uzee huu, nikayatoa majani kwa mikono. Mlinzi wako akapiga kelele, "Bibi, bosi kakataza wavu usiguswe!" Nikamwambia, "Bosi huyo mjukuu wangu, nimemwosha matako mimi!"

Tuta lenyewe udongo mtupu, na nyumba yetu iko chini yake. Likikatika, mimi nitajikongoja. Mama yako je? Samaki umewalinda, aliyekuzaa umemlaza njia ya maji.

Ukija, ndoana acha huko. Njoo na koleo la kukatia waya, upitie bwawani kwanza. Ukibisha hodi kabla hujaukata wavu, siitikii.

Bibi yako, anayekupenda hivyo hivyo.