Seli Hazijafa

Wee, dada yangu kajifungia chooni kazini kwake, kule maabara! Kanipigia analia kwa kunong'ona.

Ile programu yao ya kompyuta ya kutafuta dozi ya dawa mpya, si inarusha makisio kama kundi la ndege? Mmoja akidhani kapata chakula, wote wanamfuata. Basi wa kwanza katua pabaya, kundi zima likarundikana hapo hapo. Na mkuu wao keshaitangaza dozi hiyo! Wagonjwa wanaanza kupewa Jumatatu!

Dawa inatakiwa izifanye seli za saratani zijiue zenyewe. Dada kaiondoa dawa kwenye kisahani cha seli, leo asubuhi kazikuta zinakua tena. Kwa dozi hiyo zilikuwa zimesimama kukua tu. ZIMESIMAMA TU!

Nikamwambia, toka ukaseme. Akanijibu, "Mdogo wangu, yule aliyembishia mkuu mwaka juzi yuko wapi?"

Namkumbuka vizuri sana. Mpaka leo hakuna maabara inayomtaka.

Mara mwenzake wa kazini akagonga mlango. "Dada, wageni wanakusubiri wewe tu." Akatoka, simu hakuikata. Nikamsikia mkuu, sauti ya asali: "Haya, waambie wafadhili wetu. Seli zimekufa, hazijafa?"

Halafu dada, waziwazi kabisa: "Hazijafa."

Kasema!! Niliruka kitini, naapa.

Mkuu akaangua kicheko. "Huyu kwa utani hajambo!" Chumba kizima kikacheka, na makofi juu.

Nikangoja aseme tena. Nikangoja, nikangoja.

Nikamsikia dada naye anacheka.