Nilimwona Akiizima Bond

Mansfield, Jumanne, Machi 2019

Leo nimejichukia, na siyo kidogo.

Kaka Elibariki alikuwa anaondoa bond kwenye server inayotunza faili za kliniki kule Houston, bond ile iliyounganisha waya mbili za mtandao zikafanya kazi kama moja. Ali-share screen, mimi na meneja tukiangalia. Tatizo, alikuwa ameingia kwenye server kutoka huku Mansfield kwa kupitia bond hiyohiyo; ikizimika, naye anakatika. Hata mwanafunzi anajua: kwanza unatengeneza njia nyingine, unaijaribu, ndipo unaizima bond. Yeye akaandika amri ya kuizima moja kwa moja.

Niliiona kabla hajabonyeza Enter. Nikanyamaza.

Ndiye aliyenipokea nilipofika Texas, ndiye aliyenitafutia kazi hii. Nikajiambia mkubwa hakosolewi mbele ya watu. Lakini ningeweza kumwandikia pembeni, neno moja tu, subiri.

Screen ikaganda. Nikatumwa mimi, nika-drive mpaka Houston kuirudisha kwa mkono. Kwa muda wa saa tano kliniki nzima haikuona faili hata moja la mgonjwa. Nesi mmoja Mkenya, amechoka, akaniuliza, "Kwani hakukuwa na mtu wa kumwambia?"

Nikamjibu hakukuwa na mtu.

Nilipokuwa njiani kurudi, kaka akapiga simu. "Asante mdogo wangu. Wewe una heshima, mwingine angeniumbua mbele ya bosi."

Heshima. Kumbe ile sekunde ya mwisho, moyoni, nilitaka abonyeze, aumbuke.