Beberu Aliyeuzwa Ndani ya Tangi la Oksijeni

Mama Mwende wangu,

Nakusalimu kutoka Machakos, penye baridi ya asubuhi na uji usio na sukari. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda mguuni imeufungua mshipa, lakini vidole vilibaki baridi, na daktari akaanza kutaja kuvikata. Kwa hiyo nimeongezewa oksijeni: tunafungiwa katika tangi la chuma, hewa inashindiliwa, tunavuta oksijeni kwa barakoa, nayo damu inaifikisha hata kule inakopita kwa shida.

Jana niliketi humo na Mzee Abdi, mfanyabiashara wa mifugo. Tulipovuliwa barakoa tupumzike, nikamtajia yule beberu anayemaliza mbaazi zako. Akataja bei ya kuku.

"Basi, kwaheri," nikasema, nikainuka ili aniite, kama sokoni.

"Kwaheri, mwalimu. Unaenda wapi?"

Mlango haufunguliwi mpaka hewa ipunguzwe! Nikaketi. Nikakataa bei yake ya pili, naye akainuka, akaketi. Muuguzi aliyefungiwa nasi akaturudishia barakoa, tukaendelea kubishana kwa nyusi.

Mlango ulipofunguliwa tu, niliondoka kwa hasira hadi mwisho wa korido.

"Mwalimu, rudi! Nimeongeza!"

Nilipogeuka, wauguzi wote walikuwa wakiitazama miguu yangu. Kiti changu cha magurudumu kilikuwa bado kando ya tangi.

Daktari amevishika vidole. Vina joto, hakati.

Mfunge beberu, Abdi anakuja Jumamosi. Nami uniwekee sahani ya muthokoi. Kutoka stendi nitakuja kwa miguu.

Mzee wako