Dakika Kumi Nilizomwomba Pontien

Kalundu, Jumatatu

Kwa yaya wangu mpenzi, dada yangu mkubwa Bénédicte, huko Luvungi,

Nakusalimia kwa mapendo mengi. Mguu wa mwanao Eliane umeanza kuunga? Na wenyeji waliowapokea, wako wazima? Sisi tuko wazima. Miezi mitatu ya ndoa, yaya, na bado nikisikia pikipiki ya Pontien uani moyo unaruka. Asubuhi ananipikia chai mwenyewe!

Unajua kazi yake: kutunza vile vyombo sita vilivyofungwa kando ya mto, toka mlimani hadi kwenye king'ora cha mzee Nkeshimana, anayekibonyeza taa ya hatari ikiwaka. Vinalala ili kuokoa betri, vinaamka kila sekunde kumi kupima maji, na cha juu kikiona hatari kinakipa habari cha chini yake. Lakini betri ziliisha upesi, na kila Jumamosi Pontien alipanda kuzibadilisha, akiniacha peke yangu.

Nilinuna. Nilimwambia aviache vilale dakika kumi kumi, maana ni kiangazi. Alicheka, akasema, "Dorine, maji hayaombi ruhusa." Nikamgeuzia mgongo siku mbili. Siku ya tatu akakubali, na Jumamosi ile tulikaa ufukweni tukila samaki wadogo wa ndagala, nikajiona malkia.

Kisha mvua ikawahi. Chombo cha kwanza kiliona maji, lakini kililazimika kungoja cha pili kiamke, cha pili kingoje cha tatu, hivyo hadi chini. Dakika zangu kumi zilikuwa karibu saa nzima. King'ora kililia nyumba yenu ikiwa imekwisha kwenda na maji, na Eliane yuko chini ya ukuta.

Ulisimama kanisani ukasema mzee Nkeshimana aliacha king'ora akaenda kunywa pombe ya kasiksi. Nilikuwa kando yako, nimekushika mkono, nikanyamaza. Yaya, hakutoka hata hatua moja. Alikibonyeza mara tu taa ilipowaka. Pontien alitaka kusema siku ileile. Nikamlilia asiseme, na kwa mara ya pili akanikubalia.

Jumapili kamati inakutana kumfukuza mzee. Tutasimama wote wawili mbele yao, hata kama Pontien atapoteza kazi. Nilitaka wewe ujue kwanza, kwa mkono wangu.

Leo amepanda tena mlimani. Vyombo vinaamka kila sekunde kumi.

Wasalimie wenyeji wenu. Unibusie Eliane, hata ukiamua usimwambie busu limetoka kwa nani.

Mdogo wako,
Dorine